Krismasi katika Mwaka wa Ukame

Ndugu msomaji, je, kijiji chako kimewahi kupata mwaka mbaya? Mwaka ambao mvua ilikosekana, ghala likabaki tupu, na ng'ombe wakalala chini wasiweze kuinuka? Kama umewahi kuuona mwaka wa namna hiyo, unajua jambo moja. Sikukuu haingoji mvua. Tarehe yake hufika, uwe umevuna au hukuvuna.

Somo hili linaeleza jinsi washarika wa kanisa la kijijini wanavyoweza kuandaa ibada ya Krismasi katika mwaka mgumu. Mfano wetu ni wa Kisongo, karibu na Arusha. Kama wewe si Mkristo, usiliache somo hili. Mwislamu naye huandaa Idi katika mwaka wa njaa. Kijiji kizima huandaa arusi na matanga. Utakayojifunza hapa yatakufaa wewe pia.

KISONGO NA MVUA YAKE

Kisongo iko magharibi ya mji wa Arusha, kando ya barabara kuu iendayo Makuyuni na Dodoma. Ukisimama hapo unauona Mlima Meru, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500.

Mlima huo ndio unaogawa mvua. Pepo zenye unyevu hutoka upande wa bahari. Zikifika mlimani hupanda juu, hupoa, na kumwaga maji yake. Kwa hiyo upande wa kusini na wa mashariki ya mlima kuna migomba na kahawa. Pepo zikivuka kwenda tambarare za magharibi, zimebaki na maji machache. Ndiyo maana Kisongo ni kukavu kuliko Tengeru au Usa River, ingawa mlima ni ule ule mmoja.

Watu wa Kisongo, wengi wao Waarusha na Wamasai, hulima mahindi na maharage, na hufuga ng'ombe, mbuzi na kondoo. Mvua kubwa ya masika hunyesha kati ya Machi na Mei. Mvua ndogo ya vuli hunyesha Novemba na Desemba. Vuli ikiwa njema, Krismasi hukuta majani mabichi na maziwa. Masika ikikosekana, kisha vuli nayo ikakosekana, Krismasi hukuta vumbi.

Miaka kama hiyo imekuwapo. Mwaka 2009 ukame uliua ng'ombe wengi sana katika wilaya za Monduli, Longido na Ngorongoro. Mwanzoni mwa mwaka 2022 mifugo mingi ilikufa tena katika nchi ya Wamasai, hasa Simanjiro. Mtu aliyekuwa na ng'ombe 40 alibaki na watano. Mtu aliyekuwa na sita hakubaki na kitu.

KRISMASI YA KWANZA HAIKUWA YA RAHA

Wako watu wanaodhani kwamba Krismasi bila pilau, nyama na nguo mpya si Krismasi. Hebu tuikumbuke habari yenyewe, kama inavyosimuliwa katika Injili ya Luka na ya Mathayo.

Mtawala wa Roma alitoa amri watu wote wahesabiwe. Yusufu na Mariamu, aliyekuwa mja mzito, wakasafiri mpaka Bethlehemu. Nyumba ya wageni ilikuwa imejaa. Mtoto akazaliwa na kulazwa katika hori, yaani chombo cha kulishia ng'ombe. Watu wa kwanza kupewa habari hawakuwa matajiri. Walikuwa wachungaji waliokuwa wakilinda kondoo usiku. Baadaye mfalme alitaka kumwua mtoto, na wazazi wake wakakimbia naye mpaka Misri.

Basi mfugaji wa Kisongo akiisikia habari hii, anaielewa vizuri. Hori analijua. Kulala nje na kondoo anakujua. Kuhama kwa ajili ya shida anakujua pia.

WAZEE WETU WALIPITA HAPA

Kanisa katika nchi ya Meru na Arusha halikukua katika miaka ya raha tu.

Mwezi Oktoba 1896, wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, kwenye miteremko ya Mlima Meru. Wachagga waliokuwa wamefuatana nao waliuawa pia. Baadaye Wajerumani waliwaadhibu wananchi kwa ukali. Misheni ilianzishwa tena Nkoaranga mwaka 1902, na Ilboru, karibu na mji wa Arusha, mwaka 1904.

Ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1916 Waingereza waliuteka mji wa Arusha. Mwaka 1920 wamisionari Wajerumani waliondolewa. Sharika zikabaki mikononi mwa walimu Waafrika. Hao ndio waliofundisha watoto na kuongoza ibada.

Tena, tarehe 17 Novemba 1951, serikali ya kikoloni ilianza kuwaondoa Wameru katika ardhi yao ya Engare Nanyuki, ili ardhi hiyo wapewe walowezi Wazungu. Nyumba zilichomwa moto. Watu na mifugo walitolewa kwa nguvu. Miongoni mwao walikuwamo Wakristo wengi. Hesabu mwenyewe: kutoka tarehe 17 Novemba mpaka Krismasi ni siku 38 tu. Krismasi ya mwaka ule iliwakuta hawana nyumba zao. Mwaka uliofuata, 1952, walimtuma Kirilo Japhet mpaka Umoja wa Mataifa, New York, akaeleza malalamiko yao mbele ya mataifa.

Na tarehe 5 Mei 2013, bomu lilirushwa katika Kanisa Katoliki la Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, Olasiti. Olasiti iko upande huo huo wa magharibi ya Arusha, njia ya kwenda Kisongo. Kanisa lilikuwa likizinduliwa siku ile. Watu watatu walikufa na wengi walijeruhiwa. Waumini walizika wafu wao, wakawauguza majeruhi, na hawakuacha kusali.

Tunayakumbuka haya kwa sababu gani? Ili tusiseme, "Mwaka huu ni mgumu, basi tusifanye ibada." Wazee wetu walikuwa na miaka migumu kuliko wetu.

KIKAO CHA WAZEE WA KANISA

Sasa tuchukue mfano. Tuseme ni mwisho wa Oktoba. Wazee wa kanisa wa mtaa mmoja wamekaa chini ya mti pamoja na mwinjilisti wao na wajumbe wa jumuiya. Mtaa huo una kaya 60. Wanazungumza juu ya chakula ambacho watu watakula pamoja baada ya ibada ya Krismasi.

Mzee mmoja anasema, "Tufanye kama mwaka jana. Kila kaya itoe shilingi 10,000."

Kaya 60 mara shilingi 10,000 ni shilingi 600,000. Mwaka jana fedha hiyo ilinunua mchele, mafuta na mbuzi.

Mwinjilisti anauliza, "Mwaka huu ni kaya ngapi zinazoweza?"

Wanahesabu jumuiya moja moja. Wanaona kwamba kaya 35 zinaweza, ingawa kwa shida. Kaya 25 haziwezi kabisa.

Mzee anasema, "Basi hao 35 watoe. Tutawasomea majina yao kanisani ili wengine watiwe moyo."

Hapo mama mmoja, mjumbe wa jumuiya, anasimama.

"Wazee wangu, shikamooni," anasema. "Mimi ni mmoja wa hao 25. Ng'ombe wangu sita wamekufa wote. Mkisoma majina ya waliotoa, langu halitasomwa. Siku hiyo nitabaki nyumbani. Nitasema naumwa."

"Mama, hakuna atakayekuambia neno," mzee anamjibu.

"Najua, baba. Watu hawatasema. Lakini nikishika sahani, sahani yenyewe itasema."

Watu wote wakanyamaza.

Ndugu msomaji, maneno ya mama huyu ndiyo kiini cha somo letu. Katika mwaka wa ukame, hatari kubwa kwa ibada si kukosa nyama. Hatari kubwa ni watu kubaki nyumbani kwa aibu. Mtu aliyepoteza mifugo yake ndiye anayehitaji zaidi kukaa na wenzake. Na yeye ndiye wa kwanza kujificha.

Kwa hiyo sikukuu ya mwaka mgumu haipimwi kwa mwenye vingi. Inapimwa kwa yule mwenye kidogo.

Wazee wale wakakubaliana mambo matatu. Yaangalie vizuri:

1. Hakuna kiwango cha fedha. Kila kaya italeta kitu ilicho nacho: mahindi, maharage, chumvi, kuni, maji, au kazi ya mikono.

2. Vitu vyote vitapokelewa mahali pamoja, na havitaandikwa majina. Mtunza hazina ataandika kiasi tu, ili hesabu iwe wazi.

3. Mtu asinunue nguo mpya kwa mkopo. Tangazo litasomwa kanisani: njoo na nguo uliyo nayo, iliyofuliwa.

HESABU YA CHAKULA

Wengine huogopa kwamba vitu vya kuleta nyumbani havitatosha. Tufanye hesabu.

Kilo 1 ya mahindi na nusu kilo ya maharage, vikipikwa makande, hushibisha watu 8 hivi. Tuseme watakuja watu 240. Gawanya 240 kwa 8, utapata 30. Basi tunahitaji kilo 30 za mahindi na kilo 15 za maharage.

Ikiwa zile kaya 35 zitaleta kila moja kilo 1 ya mahindi na nusu kilo ya maharage, tutapata kilo 35 za mahindi na kilo 17 na nusu za maharage. Chakula kimetosha, na kimebaki. Hakuna aliyetoa shilingi 10,000.

Katika mwaka mzuri, Waarusha wangependa loshoro, yaani mahindi yaliyochanganywa na maziwa mgando. Mwaka wa ukame maziwa hayapo. Maziwa machache yaliyopo waachiwe watoto wadogo na wagonjwa. Makande yanatosha. Loweka mahindi na maharage usiku kucha. Yataiva upesi, na kuni zitatumika chache.

Sasa sikiliza onyo. Katika ukame watu hushawishika kula mnyama aliyekufa mwenyewe, au kumchinja upesi mnyama aliyekwisha kuzidiwa. Usifanye hivyo, hata kwa sikukuu. Mnyama huyo huenda amekufa kwa kimeta. Vijidudu vya kimeta hukaa ardhini miaka mingi. Majani yakiwa mafupi, mnyama hula karibu na udongo na kuvimeza. Mtu huweza kuambukizwa kwa kumchuna mnyama huyo, kwa kuishika nyama yake, au kwa kuila. Kimeta huua. Mnyama akifa ghafla, usimpasue wala usimchune. Mwite afisa mifugo.

MAJI

Watu 240 watahitaji maji ya kunywa, ya kupikia, ya kunawa mikono na ya kuosha vyombo. Tukadirie lita 3 kwa kila mtu. Lita 3 mara 240 ni lita 720. Hayo ni madumu 36 ya lita 20.

Zile kaya 25 zisizo na nafaka zikileta dumu moja moja, tayari kuna madumu 25. Yanabaki 11. Vijana wakienda na punda watatu, kila punda akibeba madumu manne, kazi imekwisha kwa safari moja. Unaona sasa? Mtu aliyedhani hana cha kuleta ndiye aliyeleta maji. Na chakula hakipikwi bila maji.

Kanisa lenyewe laweza kusaidia. Paa la bati ni kama shamba la maji. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba, huleta lita 1 ya maji. Chukua kanisa lenye paa la mita 20 kwa mita 8. Hizo ni mita 160 za mraba. Ikinyesha mvua ndogo ya milimita 5, paa hilo litapokea lita 800. Hata mengine yakipotea, mtapata zaidi ya lita 600.

Kwa hiyo mwezi Oktoba, kabla ya vuli, vijana wapande kusafisha mabati. Watengeneze mifereji na kuosha tangi. Maji ya mvua ya kwanza yaachwe yapite, kwa sababu huosha vumbi na mavi ya ndege. Yanayofuata yawekwe.

Maji ya mvua yana faida nyingine. Sehemu nyingi za kuzunguka Mlima Meru, maji ya visima na chemchemi yana madini ya floraidi kwa wingi. Floraidi ikizidi huharibu meno ya watoto yakawa ya rangi ya kahawia, na huweza kudhoofisha mifupa. Kuchemsha maji hakuiondoi. Maji ya mvua hayana shida hiyo.

MAJILIO: WAKATI WA KUJIANDAA

Kanisa huita majuma manne kabla ya Krismasi kuwa ni Majilio. Maana yake ni wakati wa kungoja ajaye. Majuma haya yatumike vizuri.

Katika Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, usharika mmoja huwa na mitaa kadhaa. Mchungaji hawezi kuwa mahali pote siku moja. Kwa hiyo mwinjilisti apatane naye mapema: atafika mtaa upi, saa ngapi, na watoto wangapi watabatizwa. Msingoje mpaka tarehe 20 Desemba.

Kwaya ijifunze nyimbo chache, na izijue vizuri. Wanakwaya wenye njaa wasiitwe mazoezini kila jioni. Mara mbili kwa juma yatosha. Sare mpya si lazima.

Watoto huigiza habari ya kuzaliwa kwa Yesu. Hapa Kisongo ina bahati. Mahali pengine wachungaji wa Bethlehemu hutafutiwa mavazi. Kwenu mtoto huvaa shuka lake, hushika fimbo yake, na yu tayari.

Ibada ya mkesha, jioni ya tarehe 24 Desemba, ifikiriwe vizuri. Wazee na watoto hutembea mbali. Mkianza saa 10 alasiri, watu watafika nyumbani kabla ya giza. Mtaokoa pia mafuta ya taa na betri. Mkitumia mishumaa, iwekwe mbali na majani makavu na vitambaa. Ndoo ya mchanga iwe karibu.

Wazee wawili wakae mlangoni kuwapokea watu. Wawatazame wageni kwa macho ya upole, na wajue nani anaingia. Kuwa macho si kuwa na chuki.

MAPAMBO NA KUPATANA

Msikate miti ya mlimani kwa ajili ya mapambo. Msitu wa Mlima Meru ndio unaotunza maji yenu. Tawi moja lililopunguzwa katika mti wa shambani latosha.

Lakini yako mapambo mawili yanayofaa kuliko yote, nayo yana maana yake.

La kwanza ni sale. Huu ni mmea unaostahimili ukame, nao hubaki kijani wakati mimea mingine imekauka. Kwa Wachagga na Wameru, sale ni alama ya kuomba msamaha. Mtu akikuletea jani la sale, ni vigumu kumkatalia.

La pili ni majani mabichi ya kawaida. Kwa Wamasai na Waarusha, mtu akishika majani mabichi mkononi anasema: nimekuja kwa amani. Mwaka wa ukame, hata majani machache yaliyoota karibu na bomba la maji yana thamani.

Kwa nini tunataja haya? Kwa sababu ukame huleta ugomvi. Ng'ombe wa mmoja huingia shamba la mwingine. Watu husukumana penye foleni ya maji. Ndugu humnyima ndugu yake malisho. Ikifika Desemba, watu wawili hukaa katika benchi moja bila kusalimiana.

Basi katika Majilio, wazee wa kanisa wawatembelee waliokosana. Waende wawili wawili. Wasiende kuhukumu. Waende kusikiliza. Kama kesi ni ya ardhi au ya mazao yaliyoliwa, ipelekwe kwa wazee wa kijiji au kwenye baraza, ikapate haki yake. Kupatana si kuficha kosa. Mwenye kosa alipe anachoweza, na mwenye haki akubali kungoja. Kisha washikane mikono kabla ya Krismasi. Kanisa likipambwa kwa masale na huku watu hawasalimiani, mapambo hayo ni ya bure.

SADAKA NA MNADA

Wengi hujua mnada wa baada ya ibada. Asiye na fedha huleta kuku, mayai, ndizi au mahindi. Vitu hivyo huuzwa nje ya kanisa, na fedha huingia katika sadaka. Ni desturi nzuri, kwa sababu mkulima hutoa alicho nacho.

Katika mwaka mgumu, mnada huweza kufanya kazi mbili. Tuseme mtu ameleta kuku. Mwenye uwezo anamnunua kwa shilingi 12,000. Fedha inakwenda kwenye sadaka. Kisha mnunuzi anasema, "Kuku huyu apelekwe kwa bibi yetu aliye mgonjwa." Kuku mmoja amesaidia kanisa, na amesaidia mgonjwa.

Lakini jihadharini. Mnada usiwe mahali pa kujionyesha. Wala mtu asilazimishwe kununua mbele ya watu. Mwishoni mtunza hazina asome hesabu yote kwa sauti: kiasi kilichopatikana, na kazi itakayofanyika. Katika miaka ya shida watu hutoa kwa uchungu. Kwa hiyo ni haki yao kujua fedha yao imekwenda wapi.

SIKU YENYEWE

Turudi kwenye mfano wetu. Asubuhi ya tarehe 25 Desemba imefika. Mvua haijanyesha. Upepo unapeperusha vumbi kutoka barabarani. Mlima Meru unaonekana wazi, hauna wingu.

Nyuma ya kanisa sufuria mbili kubwa ziko motoni tangu alfajiri. Yule mama aliyesimama katika kikao ameleta mzigo wa kuni. Hizo ndizo kuni zinazopika makande. Naye ndiye aliyepewa kusimamia jiko, kwa sababu hakuna anayejua moto kumshinda. Akishika sahani leo, sahani haitasema neno. Watu watamngoja yeye ndiye awapakulie.

Kengele inalia. Wajumbe wa jumuiya wanasimama mlangoni. Hawahesabu fedha. Wanatazama nyuso. Kila mmoja anazijua kaya zake. Mjumbe mmoja anamwita kijana, anamwambia polepole, "Mwanangu, sikumwona mzee wa nyumba ile ya bondeni. Chukua baiskeli, ukamlete. Mwambie hatuanzi bila yeye."

Kijana anaondoka. Ibada inangoja kidogo.

Ndugu msomaji, huko ndiko kujiandaa kwa Krismasi katika mwaka mgumu. Sikukuu ikikaribia kijijini kwako, usianze kwa kuuliza, "Tutakula nini?" Anza kwa kuuliza, "Nani atabaki nyumbani, na kwa sababu gani?" Ukipata jibu, nenda ukamlete.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini Kisongo ni kukavu kuliko upande wa kusini na wa mashariki ya Mlima Meru?

2. Yule mama alikuwa na maana gani aliposema, "Sahani yenyewe itasema"?

3. Kijiji chako kinatazamia watu 160 katika sikukuu. Mtahitaji kilo ngapi za mahindi na ngapi za maharage ili kupika makande?

4. Paa la shule yenu lina mita 30 kwa mita 8. Mvua ya milimita 10 ikinyesha, paa litapokea lita ngapi?

5. Kwa nini ni hatari kumchuna mnyama aliyekufa ghafla? Utamwita nani?

6. Je, katika kijiji chako wako watu wanaokosa sikukuu kwa sababu ya aibu? Mnaweza kufanya nini ili waje?